Ua Linalonyonya Nyasi

Mjukuu wangu Amoding,

Hapa Adungosi tu wazima. Mjomba wako amepata mtoto wa kike, na mvua imeanza vizuri.

Unauliza kama ukate tamaa, kwa sababu zile mbegu za ua linalonyonya nyasi, ulizopanda huko Uingereza kabla ya baridi ili nyasi zipungue na maua mengine yapate nafasi, hazijaota na mwenye bustani ameanza kununa. Kwanza nilicheka. Mtu anaajiriwa kupanda ndugu wa kayongo, gugu letu hili linalonyonya mtama!

Nilipokuwa msichana, mama alipanda mtama mahali palipokaa miaka mingi bila kulimwa. Nilidhani kayongo imeshakufa pale. Mtama ulipofika magotini, maua ya zambarau ya kayongo yakajaa shamba zima. Mimi nikalia. Mama akachuchumaa, akachimba polepole mpaka nikaona mzizi wa kayongo umeng'ang'ania wa mtama.

"Mbegu yake ni kama vumbi," akasema, "lakini haiamki mpaka isikie harufu ya mtama. Huyu anajua kungoja, mama."

Kisha akaing'oa yote, bila huruma, huku bado anaisifu. Sijaona mtu mwingine wa namna hiyo. Tulipomaliza akatukung'uta nguo na miguu, tusimpelekee jirani mbegu.

Basi usifukue kitu. Huenda yako inangoja baridi yenu iishe. Mwambie huyo mwenye bustani atulie.

Likichanua, nitumie picha. Lakini ukija Disemba, kung'uta viatu vyako vizuri kabla hujapanda ndege.

Nyanya yako