Baba, Mbona Umenyamaza Nyuma Yangu

Baba,

Jumapili hii ni zamu yangu kusoma zaburi ya mchungaji kanisani, na siwezi. Nimejaribu mara tatu hapa kwenye kiti chako, kila mara naifunga Biblia kabla sijamaliza. Ningemwambia Pasta naumwa, lakini Mama atajua ni uongo, na tangu tukuzike hana nguvu ya kuongezewa jambo lingine.

Unakumbuka ulivyoipenda zaburi ile? Uliisoma kwa sauti kubwa kama mtu anayegombana na jirani, halafu ukafunga Biblia na kuanza kuikosoa. Ulisema aliyeitunga hajawahi kuchunga huku kwetu, nyanda za Kano. Mchungaji wake anatangulia, kondoo wanamfuata. Sisi tunatembea nyuma ya ng'ombe, kwa sababu aliyechoka, anayechechemea na ndama wote wako nyuma. "Mungu wetu sisi yuko nyuma," ulisema, "ndiyo maana humwoni." Mama akakuambia unakufuru. Ulicheka mpaka ukakohoa.

Nilikuamini, Baba. Hilo ndilo linaloniua.

Siku ile mto Nyando ulipovunja kingo, ulinishikisha mkia wa Rachar, yule dume mweupe. Ukaniambia nisiuachie, wala nisigeuke, kwa kuwa anayegeuka majini hupoteza mshiko. Wewe ukabaki nyuma na ndama. Nikaita, "Baba!" Ukajibu, "Antie, nyara!" Kwa lugha yetu, nipo, binti yangu. Nikaita tena, ukajibu tena. Mara ya tatu sikusikia kitu. Nilijiambia ni kelele za maji. Sikugeuka, kama ulivyonifundisha. Nilipokanyaga lami ya barabara ya Ahero, ndama alitoka nyuma yangu akitetemeka. Wewe hukutoka.

Walikupata siku ya tatu kwenye mashamba ya mpunga. Sasa niambie, nyuma yako alikuwa nani? Nauliza kweli, Baba, sikufanyii dharau. Nimeuliza nikiwa jikoni, nimeuliza kisimani, nimeuliza nimepiga magoti. Hakuna anayejibu.

Ukuta wa jikoni ulioanguka tumeukandika upya. Rachar alichinjwa kwenye matanga yako, na nyama yake sikuigusa. Amebaki ndama peke yake, mimi ndiye ninayemchunga. Ana tabia inayonikera sana: anakwenda hatua chache, anasimama, anageuka kunitazama. Jana nilimfokea aende. Akagoma, kichwa amekigeuza tu, ananiangalia. Mwishowe nikasema, bila kufikiri, "Antie." Ndipo akaendelea na safari yake. Mimi nikakaa chini kwenye nyasi, nikalia mpaka kichwa kikaniuma.

Basi, nitaisoma. Sitasema naamini, kwa sababu leo siamini, na wewe hukupenda mtu anayedanganya akiwa na Biblia mkononi. Nitaisoma kwa vile ilikuwa yako. Sauti ikikatika, waumini wangoje.

Pumzika, Baba. Ndama wako nitamtunza, na kila akigeuka atanikuta pale. Ila nikimaliza kusoma Jumapili, kabla sijaketi, nitakuita kimoyomoyo ile mara ya tatu. Nijibu hata kwa sauti ndogo. Safari hii nitageuka.

Binti yako,
Akinyi