Dakika Saba Bila Nyota Wetu

Mwalimu,

Tulishinda kule Bungoma. Nimeona nianze na hilo kwa sababu najua ungekuwa hai ndilo ungeuliza kwanza, hata kabla ya salamu. Tulishinda kwa pointi moja, na tumepanda daraja kwenye ligi. Lakini waliotushindia si wale ambao watu wote wa Kitale wanawataja. Ni wiki tatu sasa na bado nikikumbuka naacha ninachofanya, nasimama tu.

Siku tulipokuzika Lugulu, mkeo alinitafuta katikati ya watu akanishika mkono. Akaniambia, "Nafula, hiyo timu usiiache ife." Niliitikia kwa kichwa, lakini moyoni sikutaka. Miaka sita nilikuwa msaidizi wako, kazi yangu kuandika pointi na kubeba mipira. Mimi na ukocha wa mpira wa kikapu wapi na wapi? Jumamosi iliyofuata nilienda uwanjani nikiwa na nia ya kuwaambia wasichana watafute mtu mwingine. Niliwakuta wote kumi wamekaa kwenye saruji, viatu wamefunga, hakuna aliyegusa mpira. Walikuwa wananingoja mimi. Nikapuliza filimbi, tukaanza kukimbia.

Kuna jambo lazima ulisikie kutoka kwangu mwenyewe, maana mimi ndiye niliyelifanya.

Unajua ulivyokuwa ukigawa mazoezi. Saa moja ya Chebet na Naliaka na wale watatu wanaoanza nao, kisha saa nyingine nzima ya wale watano wa benchi. Mimi nilikuwa nakulalamikia. Nilikuambia unapoteza muda na Mama Faith, muuza vitunguu wa Chwele, mama wa watoto watatu, ambaye akikimbia magoti yanalia mpaka mtu wa kando anasikia. Wewe ulikuwa unacheka. "Ati napoteza? Ngoja tu, Nafula. Hao watu utawatafuta."

Ulipoondoka, sikungoja. Chebet alikuwa anafunga kama mtu anayechuma sukumawiki nyuma ya nyumba. Naliaka alikuwa akipita katikati ya watu kama maji. Mashabiki walikuja kuwaona hao wawili, na mimi pia nikaanza kuwaona hao wawili tu. Saa ya watu wa benchi nikaipunguza ikawa nusu. Baadaye ikawa dakika kumi, na siku nyingine hata hizo kumi sikuwapa. Kisha nikamwita Mama Faith kando nikamwambia kwa upole kwamba mwaka ujao ningependa apumzike, nimpe nafasi msichana mrefu niliyemwona Kitale.

Hakulia, wala hakubishana. Aliangalia chini kidogo, akasema, "Sawa, kocha. Lakini wacha nimalize ligi. Nilimwahidi Mwalimu."

Sikumuuliza alikuahidi nini. Mwalimu, nisamehe kwa hilo pia.

Basi ikafika mechi ya mwisho, Bungoma, kwenye uwanja wao, na wenyeji wamejaa pande zote nne. Atakayeshinda anapanda, atakayeshindwa anabaki alipo. Na mimi nilijua sisi tukibaki tutaisha, kwa sababu Chebet na Naliaka walikuwa wameshaanza kuitwa na timu za mbali.

Kota ya pili ya mchezo Chebet aliruka, akatua juu ya mguu wa mtu. Nilisikia sauti yake kabla sijamwona akiwa chini. Tulimbeba hadi benchi, kifundo kimefura kama mkate. Kuanzia hapo Naliaka alituvuta peke yake. Alifunga, alikaba, alirudi nyuma, alienda mbele, mpaka nikaona midomo imekauka. Mtu aliyechoka hivyo mikono yake huchelewa. Zikiwa zimebaki dakika saba, tukiwa nyuma kwa pointi nane, akamgonga mtu mkononi, na refa akainua vidole vitano, faulo yake ya tano. Alikuwa ametolewa.

Watu wa Bungoma waliimba. Sitakudanganya, mimi nilishaanza kupanga maneno ya kuwapa pole wachezaji wangu. Niliomba muda, mchezo ukasimamishwa. Wale watatu waliobaki uwanjani, na Jeptoo wa benchi niliyemwingiza badala ya Chebet, walikuja wameinama, wameshika magoti. Nilikuwa na karatasi ya mipango mkononi, na kila mpango ulioandikwa pale ulianza na jina la Chebet au la Naliaka.

Mama Faith akanigusa begani. "Kocha, tuingize sisi. Wote watano, pamoja. Tumezoea pamoja."

Sikuelewa alimaanisha nini. Niliwaingiza kwa sababu sikuwa na kitu kingine.

Mwalimu, sijui nikusimulie vipi ili uone nilichoona.

Kitu cha kwanza kilikuwa sauti. Chebet na Naliaka huwa wanacheza kimya. Hawa walikuwa wanaongea. Mama Faith alisimama katikati kama mwenye boma, akipanga watu. "Jeptoo, shuka. Mercy, nyuma yako. Hapo hapo, usisonge." Na wanamjibu, kwa Kiswahili, kwa Kibukusu. Mercy huyu wa Malakisi, ambaye kwa miaka miwili sijamsikia akisema sentensi tatu, alikuwa anaita majina ya wenzake kama mwalimu anayeita rejista. Mpira ulikuwa unatoka mkono hadi mkono kabla sijajua uko wapi. Hakuna aliyekaa nao. Hakuna aliyetaka kuonekana.

Unakumbuka ulimfundisha Mercy kurusha kutoka sehemu moja tu, kona ya kushoto, karibu na mstari? Nilikucheka. Nilisema mchezaji gani huyu wa sehemu moja. Alirusha mara tatu kutoka hapo, na mara tatu mpira ulipita katikati ya ringi bila kuigusa. Mara ya tatu yule aliyekuwa akimkaba aligeuka akamwangalia kocha wake kama mtu anayeuliza njia.

Kisha namba tisa wao, yule mrefu, akaja mbio kuelekea kikapuni. Mama Faith alikuwa amesimama njiani, miguu imetulia, mikono kifuani. Hakusogea. Alipigwa akaanguka mgongo kwenye ile saruji, na refa akampa namba tisa faulo. Nilikimbia hadi kwenye mstari nikidhani amevunjika. Alikuwa anajipangusa goti, anamwambia yule msichana aliyemwangusha, "Pole, mama. Umeumia?"

Zikibaki sekunde ishirini tulikuwa tumewafikia na kuwapita kwa pointi moja, na mpira ni wao. Kila mtu alijua utaenda kwa namba tisa. Wakajaribu kulia, Jeptoo alikuwa hapo. Wakajaribu kati, Mama Faith alikuwa hapo. Wakarudi kushoto. Wale watano walikuwa wakifunga kila nafasi kama watu wa nyumba moja wanaofunga madirisha mvua ikija, kila mmoja na lake, bila kuambizana tena. Mwishowe namba tisa akarusha kwa sababu muda ulikuwa unaisha, mpira ukagonga ubavu wa ubao, na filimbi ikalia.

Kando yangu Naliaka, yule ambaye watu hulipa nauli kuja kumwona, alikuwa amesimama na chupa za maji alizokuwa akiwashikia wenzake, machozi yanamtoka. Aliniuliza, "Kocha, hawa ni watu gani?"

Nilienda kutafuta jibu kwa Mama Faith, amekaa chini anafungua kamba za viatu. Nikamuuliza wamejifunza wapi kucheza hivyo. Akaniambia kwamba kila Jumapili baada ya kanisa wao watano walikuwa wakikutana Chwele, kwenye uwanja wa shule ambako kikapu ni kimoja. Mercy anapanda bodaboda kutoka Malakisi. Jeptoo anashuka kutoka mlimani. Wamefanya hivyo tangu nilipowakatia muda. "Ulipopunguza saa yetu hatukukasirika," akasema. "Tuliihamisha tu."

Ndipo nikamuuliza alikuahidi nini. Akasema alikutembelea hospitali, ukamwambia, "Wale wenzako wanne wa benchi wasikose mazoezi." Ni hayo tu. Kwa neno hilo moja mama huyu alifunga vitunguu vyake mapema kila Jumapili, miezi yote hii, na hakunidokezea hata kidogo. Mimi niliyekaa karibu nawe miaka sita, ningeweza kufanya hivyo? Sijui. Nadhani singeweza.

Nilimwomba msamaha mbele ya timu yote. Aliona haya kuliko mimi. Akasema, "Si ulituingiza sisi? Basi, yameisha."

Hatapumzika mwaka ujao. Nimemwomba awe nahodha, na Chebet ndiye aliyepiga makofi ya kwanza. Jumapili iliyopita Chebet alienda Chwele na mguu wake wa bandeji, akakaa kwenye jiwe, akatazama jinsi wanavyoitana. Akasema anataka kufundishwa. Nami nilikuwa hapo, na daftari langu, nikiandika kama mwanafunzi. Zile timu za mbali hazijapata jibu kutoka kwake wala kwa Naliaka.

Mkeo anasema mahindi yamekauka shambani na watu wa kuvuna ni wachache. Jumamosi hii hakuna mazoezi. Tunakuja Lugulu wote, na magunia, na Mama Faith ameshapanga nani atakata na nani atamenya. Tukimaliza nitakuja kukaa kando ya kaburi lako, nikutajie majina yao mmoja mmoja, wote kumi. Nakuahidi kwamba muda wote nitakaokuwa na timu hii, hakuna atakayevaa jezi yetu halafu mimi nisimjue.

Pumzika, Mwalimu wangu. Umefanya kazi.

Nafula