Mguu wa Jabali

Lushoto,
Julai 1974

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Ulinifundisha kwamba mwenye hoja huitoa kwanza, ndipo akaketi. Basi naitoa: mfupa wa mbwa anayelinda shamba la watu unastahili kuungwa na daktari aliyeisomea kazi hiyo, na taifa lililomsomesha daktari huyo halikutupa mali yake. Hayo ndiyo nitakayoyatetea hadi mstari wa mwisho wa barua hii, kwa heshima yote ya mtoto kwa mzazi.

Sasa narudi kwenye adabu. Mnaendeleaje huko Mlola? Kifua cha mama kinamwacha alale, au baridi ya mwezi huu imekirudia? Dada Esta amekwisha kuhamia kwenye chumba kisichovuja? Na mahindi ya shamba la kijiji, yale ya pale chini ya msitu, yamekauka vya kutosha kuvunwa, au nguruwe mwitu wamekwisha kuyavuna kwa niaba yenu? Mimi ni mzima wa mwili. Ukungu wa hapa hauondoki mpaka saa nne, nguo hazikauki, na usingizi ni haba kwa sababu nitakayoieleza.

Jumapili ile ya mavuno nilikuwa nimesimama ukutani mwa kanisa, nyuma ya kabichi za mama Yunis, ulipoanza mnada wa sadaka. Wote wanakiri kwamba hakuna mzee wa kanisa anayeuza kama wewe. Mtu huja na nia ya kununua fungu moja la viazi akarudi nyumbani na mbuzi. Ukamwinua jogoo wa Faustine, ukasema kwamba mguu wake mmoja ni mbovu lakini mnunuzi asiwe na hofu, maana Serikali ilimsomesha mwanao udaktari wa mifugo Kabete, Kenya, ikamwongezea na Budapest, naye akarudi fundi wa miguu ya mbwa, hivyo kuku hatamshinda. Watu walicheka hadi mwinjilisti akashika ukuta. Bertha akapandisha bei kwa sharti kwamba dokta amfungie jogoo bendeji kabla hajaingia chunguni. Nami nilicheka, kwa kuwa mtoto hamnunii baba yake mbele ya watu. Lakini nilirudi Lushoto na mzaha ule, na haujanitoka.

Haujanitoka kwa sababu mzaha huo nilikwisha kuusikia ofisini. Bwana Mifugo wetu aliniambia kwamba nchi ya wakulima na wafanyakazi inahitaji majosho ya ng'ombe, na kwamba mbwa na paka ni wanyama wa mabwanyenye. Nilimwuliza ni bwanyenye gani anayelala chini ya dungu la kulindia shamba ukingoni mwa msitu, akinyeshewa, ili mahindi ya wenzake yasiliwe. Nikamwambia kwamba nimesoma vitabu vingi juu ya kazi na thamani yake, na sikuona hata kimoja kinachosema mfanyakazi lazima awe na miguu miwili. Alicheka, akaniita wakili. Kisha akanena neno lililoniondolea usingizi: mwezi huu ukiisha ananipeleka majosho ya bondeni, na ghala la nyuma ya ofisi ninamotibia litarudi kuwekwa dawa za kupe. Nilipozidi kubishana, alilainika kidogo, akasema kwamba ataniachia ghala hilo iwapo kijiji kimoja, kwa mdomo wa wazee wake wenyewe, kitasema kinanihitaji. Kwa mdomo wangu mimi hataki kusikia tena.

Huenda unajiuliza ni kazi gani hiyo inayohitaji miaka yote ile. Nitajibu kwa mfano wa paja, maana ndilo linalonisumbua. Mguu wa chini ukivunjika, unaweza kuufunga magango ya vijiti ukapona. Paja halikubali. Nyama zake ni nene na zina nguvu; huzivuta ncha mbili za mfupa zikapishana, na kitu chochote utakachofunga kwa nje huteleza na kuuongezea mguu uzito. Dawa ni kufungua nyama bila kuzikata, kuzirudisha ncha mahali pake, na kupitisha msumari wa chuma kisichoshika kutu ndani ya uboho, uwe kama mti uliochomekwa katika mianzi miwili. Ukiwa mfupi, mfupa utacheza. Ukizidi urefu, utatoboa goti. Mkono wangu ulikosea mara nyingi juu ya mizoga kabla mwalimu wangu hajaniruhusu kumgusa aliye hai. Nilipoondoka alinipa misumari michache, nikaja nayo nyumbani ndani ya soksi.

Baba, hapa ndipo ninapoogopa kuendelea, na naendelea. Mguu wako wa kushoto ulivunjika kwenye shamba la chai kabla ya Uhuru, gogo lilipokuangukia. Umetusimulia mara nyingi kwamba wenzako walipoomba gari likupeleke hospitali, msimamizi alijibu kwamba kibarua mwingine yupo. Ukafungwa kwa vijiti, mfupa ukaunga kwa kupishana, na tangu hapo unapanda mlima kwa kutanguliza bega. Jibu la yule mtu uliliita dhambi, nasi watoto tukajua ni dhambi. Basi mwezi wa tano nguruwe dume alipomrusha mbwa wetu Jabali juu ya mawe ya mfereji, na paja lake likawa linaning'inia, ulimpa Tobia, kijana anayelinda naye shamba, kamba na panga, ukamwambia ampeleke msituni amalize, maana mbwa mwingine yupo. Mbwa aliyelinda shamba lile tangu lilipokuwa lako mpaka likawa la kijiji. Sisemi kwamba mbwa ni mtu. Nasema neno lile lile lina harufu ile ile, atakayetamkiwa awe nani. Nisamehe kama nimevuka mpaka; lakini ukitaka kunihukumu, anza na hoja, mimi nifuate.

Sasa nikuambie lile ambalo watu wawili tu wanalijua. Jabali hakufa. Tobia alifika naye msituni, akashindwa. Alimtia kwenye gunia, akampandisha juu ya lori la mboga, akaja kugonga mlango wangu akiwa amelowa damu na maji ya kabichi, akaniambia kwamba panga ni butu. Nililitazama, lilikuwa limenolewa asubuhi ile. Nilimlaza mbwa kwa dawa ya usingizi juu ya meza ya ghala, na Tobia ndiye aliyeushika mguu, macho kafumba, akisali Baba Yetu tangu mwanzo mpaka mwisho na kuanza tena, hata nikalazimika kumwomba asali kwa sauti ya chini. Ulipokuwa ukimnadi jogoo, Jabali alikuwa amelala hapa kwangu, msumari ndani ya paja. Usimkasirikie Tobia. Aliniambia kwamba ulipomkabidhi kamba ulivua kofia, ukaingia ndani. Sitakueleza maana ya jambo hilo, wewe unaijua.

Jana niliutoa msumari. Ningependa kukuandikia kwamba anakimbia. Hakimbii. Anasimama kwa miguu mitatu. Wa nne anaushusha, ukigusa sakafu anaurudisha juu. Budapest tulikuwa na eksirei ya kuona ndani. Hapa nina vidole vyangu tu. Nikiubonyeza mfupa hauchezi, nami nafurahi. Halafu namwona ameukunja tena, na furaha inaniisha. Inaweza kuwa mazoea tu, maana mwili uliokaa kwa maumivu huendelea kuyaogopa hata yakiisha. Inaweza pia kuwa nimekosea kwa unene wa unywele, na kwamba mfupa utaachana katika mteremko wa kwanza mbele ya macho ya watu. Sijui. Nina shahada mbili, na hata sasa anajilamba chini ya meza hii ninayoandikia, nami nanyanyua karatasi kila anapojigeuza.

Ningeweza kungoja hadi nijue. Mwezi hautaningoja, na nimetambua pia kwamba hoja inayosubiri ushindi ndipo itamkwe si hoja, ni majigambo. Kwa hiyo Jumapili ijayo nitapanda Mlola na Jabali. Baada ya ibada, utakapokuwa mezani pa mnada wa kila Jumapili, nitamfungua kamba kwenye ngazi za kanisa. Hapo katikati pana majani na mteremko mdogo. Atakuona, na najua atataka kuja kwako. Kwa miguu minne, kwa mitatu, au akianguka, mimi nitakuwa nimesimama pale pale ukutani.

Mpe mama shikamoo yangu, na umwambie asiandae chochote, maana sijui kama nitakaa mezani. Msalimie Esta. Tobia mwambie panga lake liko kwangu, halijapata kutu.

Nawe baba, nakudai jibu. Usilitume kwa mama, usimpe Esta aje nalo, wala usiniandikie. Ulinena mbele ya usharika mzima. Nijibu mbele ya usharika mzima, kwa sauti ile ile unayouzia viazi, wazee wote wakisikia: kijiji hiki kinamhitaji daktari wa mifupa ya mbwa, au mbwa mwingine yupo? Lolote utakalotamka, nitalichukua kama lilivyo mpaka kwa Bwana Mifugo.

Mwanao akuheshimuye,

Abrahamu