Masenge, Wamekuandika kwa Jina Langu

Masenge wangu, shangazi yangu,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini nikianza bila hiyo utanikatia jicho hata huko uliko.

Nimeolewa! Nimeolewa na Desderi, yule yule uliyesema ana masikio makubwa, labda yatasikia. Masenge, yanasikia! Asubuhi kabla hajaenda kutengeneza baiskeli zake Kasulu mjini ananiuliza nimelalaje, halafu anasubiri jibu. Mwanaume anasubiri jibu! Juzi alinichumia ua la mboga ya maboga, eti njia nzima hakuona ua lingine, akanichomekea kwenye nywele. Nilicheka mpaka mama yake akagonga ukuta. Nampenda mpaka najionea aibu.

Lakini niko ndani. Leo ni wiki ya tatu na siku kadhaa. Ukoo wao ulitoka Burundi zamani, sasa ni raia kama sisi, ila arusi wanaishika kwa mila yao. Bibi harusi anakaa chumbani mpaka siku ya kutolewa nje, wanaita gutwikurura. Siku hiyo ndugu zake waje na vikapu na pombe ya ndizi, afunuliwe mbele ya watu. Wasipokuja hao ndugu, hatoki. Mimi natoka kwenda msalani tu, alfajiri, kitenge kimenifunika kichwa, wifi yangu mbele kama askari. Dirisha ni la ubao. Likifunguliwa naona mgomba mmoja na nusu ya mwingine. Chumba kizuri, godoro jipya, na hewa haitoshi.

Mila inataka shangazi akae na bibi harusi siku zile za mwanzo. Walitaka kuniletea mke wa baba mdogo. Nikakataa, nikasema wangu yupo. Wakanionea huruma, wakaniacha peke yangu.

Ndipo nikaanza kukutafuta. Unawakumbuka wale kina dada waliokuja Mabamba na vinasa sauti, wakiwahoji akina mama habari za ndoa, uzazi na mapenzi? Ulirudi nyumbani umejishika mbavu. "Wameniuliza mambo ambayo hata padri hajawahi kuniuliza!" Walisema sauti zenu zitawekwa kwenye hifadhi ya mtandaoni, watu wa mbali na wa baadaye wasikie.

Humu chumbani intaneti haishiki. Kwa hiyo tulifanya hivi: mimi naandika maneno ya kutafuta kwenye kikaratasi, Desderi anakitia mfukoni, akifika kilimani barabarani anatafuta, anayoyapata anayahifadhi kwenye simu, jioni ananiletea. Barua zetu za mapenzi ndizo hizo, Masenge. Cha kwanza niliandika "Skolastika, Mabamba". Hakuna. Cha pili, "Skolastika, Kibondo". Hakuna. Cha tatu, "bibi harusi, Munanila", kule ulikowahi kuolewa. Akarudi na picha za zamani. Mzee mmoja na jembe lake, jina kamili. Pembeni yake wanawake watatu, "wanawake wakichota maji". Desderi alikuwa amekasirika kabisa. "Mke wangu, humu wanaume wana majina, wanawake wana mitungi."

Nilikaa siku mbili nikidhani wamekufuta. Halafu nikakumbuka. Nani Mabamba alikuita Skolastika? Hukuzaa, lakini mama aliponiacha mchanga ulinibeba wewe, na tangu hapo kisimani, kanisani, sokoni, ulikuwa Mama Oliva. Nikaandika "Mama Oliva". Siku hiyo Desderi alirudi anakimbia, baiskeli kaisahau barabarani.

Mvua ilikuwa inapiga bati. Nikaweka simu sikioni. Kwanza ulikohoa, kisha, "Niseme kwa hapa?" Masenge, nilikumbatia mto.

Sikuwa nayajua uliyoyasema. Kwamba ulipoolewa Munanila ulikuwa mtu mzima, una shamba lako la maharage, na bado hakuna aliyekuuliza. Kwamba walikuweka ndani, mlango ukafungwa kwa kamba upande wa nje, wakakuambia ni heshima. "Usiku wa kwanza nilipigana. Wa pili nikachoka." Kwamba siku ya tisa ulitoboa ukuta wa udongo kwa mwiko, ukatembea mpaka kwetu. Halafu sauti ikabadilika, ukawa wewe ninayekujua: "Ndiyo maana wasichana wangu nawafundisha vingine. Mwili una mlango, unafunguliwa toka ndani. Na raha si ya mwanaume peke yake, jamani, nani aliwadanganya?" Wote mkacheka. Yule dada aliyekuhoji akauliza kama wengine waruhusiwe kusikiliza. Ukasema, "Wasikie. Wasichana hasa."

Nililia, nikafurahi, nikalia tena. Maana Desderi usiku wetu wa kwanza aliniuliza, na mimi nilikuwa na jibu. Jibu nililipata kwako, jikoni, tukichambua maharage. Sikujua ulilinunua kwa bei gani.

Hapo nikakosea. Furaha ilinizidi, nikamwomba Desderi amtumie kaka Gaspari sauti yako. Gaspari akaicheza dukani kwa sauti ya juu, na Baba akapita. Unamjua mdogo wako. Miaka yote ametuambia ulirudishwa kwa sababu huzai. Watu wakamgeukia. Baba akapiga namba ya wale wa hifadhi, akaamuru sauti iondolewe. Wakamjibu kwa adabu kwamba kwenye fomu yako umemtaja mtoto mmoja, Oliva, na yeye ndiye watakayemuuliza.

Baba akampigia Desderi. "Mwambie aseme yeye si mtoto wake. Simwambii adanganye, huo ni ukweli. Akisema vingine, Jumamosi hatuji kumtoa."

Desderi akanishika mikono. "Nitawajibu mimi, mpenzi. Wewe usiumie." Ni mwema, Masenge, na karibu nikubali. Halafu nikafikiri, hata kukutetea wewe, tena mwanaume aseme kwa niaba yetu? Nikamwambia aniachie simu tu. Akaniachia.

Wale wa hifadhi walipanga kupiga Jumatano saa nne. Mtandao wa kupiga unashika nyuma ya jiko tu, chini ya mparachichi. Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni anamenya muhogo.

"Bibi harusi, wapi?"

"Kuongea na simu, mama."

"Simu inaongelewa ndani."

"Ndani mtandao hauingii, mama."

"Kama hauingii, na wewe usitoke."

Nikaruka maganda. Nyuma yangu, "Weee! Mwana wanje, mwanangu! Majirani wanakuona!" Na kweli walikuwa wananiona, mmoja kasimama na ndoo kichwani mdomo wazi. Jua lilinichoma macho.

Simu ikaita. "Wewe ndiye mtoto wa marehemu?" Nikasema ndiyo. Halafu nikaogopa uongo, nikamwaga yote: kwamba mama aliyenizaa alikuwa wifi yako, kwamba baba yangu ndiye mdogo wako, kwamba wewe ulinilea tu. Hilo "tu" nilitamani kulirudisha. Nikasikia vidole vya yule dada wa hifadhi kwenye kompyuta. "Hapa ameandikisha mwenyewe mtoto wake ni nani," akasema. "Sisi tunamfuata yeye. Iachwe wazi au ifungwe?"

"Iachwe wazi. Na jina lake ni Skolastika, muandike."

Mama mkwe alinirudisha kwa kunishika kiwiko. Hakunitukana. Alisema tu, "Siku zako zimevunjika. Tutaanza upya." Akaurudisha ubao wa dirisha.

Leo ni Jumamosi. Viti walivyoazima kanisani vilikuja asubuhi, na mchana nimesikia vinapakiwa tena. Gaspari ameandika kwamba vikapu vimefunguliwa na pombe imenywewa huko huko Mabamba. Desderi amekaa mlangoni upande wa ndani, amenipa mgongo ili nisione macho yake. Ananiambia tutatoka tu. Lini, hajui. Anaweza kwenda kazini na kurudi, mimi nanusa barabara kwenye shati lake. Nina furaha na ninasongwa, vyote kwa wakati mmoja, na hakuna wa kunifundisha hilo.

Baba ameacha njia moja. Nikiwapigia wale wa hifadhi na kusema nilikosea, kesho yake anakuja na vikapu vipya.

Jioni hii Desderi aliifungua hifadhi akiwa kilimani. Wamerekebisha. Imeandikwa Skolastika, Mabamba, mama wa Oliva. Anasema msichana mmoja kutoka Kakonko ameacha maneno chini yake: amesikiliza mara mbili.

Kwaheri, mama yangu. Uko nje, unatembea mpaka Kakonko. Mimi niko ndani, sijui mpaka lini. Ninakuahidi jambo moja tu: hiyo simu sitaipiga.

Mwanao,
Oliva