Ule Mutu wa Masanduku

Mujukuu wangu Ilunga,

Huku Nchelenge tunaamuka. Mama yako anaanika chisense, bale samaki badogo ba ziwa, magoti yangu tu ndiyo yananikasirikia. Ulinitumia ile filimu ya zamani, ya vita ya Bazungu, na unauliza kwa nini sikuimaliza.

Niliiona nikiwa binti, kule Pweto, ku shuka nyeupe mbele ya kanisa. Ndani ya filimu mulikuwa mutu mweusi mumoja tu, anabebea maofisa masanduku. Bomu ikamuua. Bamama bakaanza kilio cha matanga, sababu kwetu mutu hafi hivihivi. Mama yangu akauliza, "Jina lake nani? Mutoto wa nani?" Padri akatukemea: "Nyamazeni, ni filimu tu!" Kisha ofisa muzungu akafa, muziki ikalia, na padri mwenyewe akavua miwani, akapangusa macho.

Unasema balimu benu huko Ulaya banaisifu sana. Sawa. Juzi, alipoanguka tena na masanduku yake, nilizima telefone, nikamulilia kwa sauti, padri hayuko wa kunikemea. Majirani bakakimbia kuuliza nani amekufa.

Nilikosa jina la kubaambia.

Ni mimi, nkambo wako.