Filamu Iliyosafishwa

4 Machi

Kaka yangu,

Umeamkaje, na koo linasemaje? Mimi nipo, ila usingizi umenikimbia tangu daktari aseme watakuondoa koromeo na sauti itaondoka nalo.

Naiwaza ile filamu ya mwanamke anayekula udongo wa kaburi la mumewe, uliyokuwa ukiitafsiri kwenye kibanda cha video. Watu walizomea, wakadai hela zao. Wachache tukabaki, tukawa tunairudia kila Ijumaa kama wagonjwa. Chuoni nimeona filamu za ajabu nyingi. Hakuna iliyonichoma vile. Labda kwa sababu haikujali kama tunaipenda.

Mwenye kibanda bado ana mkanda wa filamu hiyo, aliourekodi pamoja na sauti yako. Naomba niuhifadhi.

Mdogo wako

11 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zimefika. Mimi naongea kama jogoo aliyenyeshewa. Wifi yako anacheka, halafu anaenda kulia jikoni.

We mtoto una wazimu! Unajua fika lugha ile sikuelewa hata neno. Wiki tuliyomzika mama, nilimpa yule mwanamke yote niliyoshindwa kusema msibani. Basi kila Ijumaa nikamwachia maneno hayohayo.

Uchukue mkanda. Sijarekodiwa kwingine. Wifi yako yuko karibu kujifungua; mtoto atanisikia wapi tena?

Kaka yako

30 Machi

Kaka,

Pole na maumivu. Wifi kaniambia upasuaji umekwisha salama. Nashukuru.

Mkanda niliupeleka kwa fundi autie kwenye kompyuta. Nikamwambia, "Nisafishie, sauti isikike vizuri." Kanirudishia picha inang'aa. Sauti yako haimo.

"Dada, kulikuwa na mtu anabwabwaja juu yake," akasema, akitabasamu. "Nimemfuta."

Mkanda wenyewe ulikatikia kwenye mashine, akautupa. Nimechakura jalala mpaka walinzi wakanifukuza. Maneno yako nayajua yote, naweza kukuandikia. Sauti siwezi.

Mdogo wako

16 Aprili

Mdogo wangu,

Usijitese. Kidonda kinakauka, napumulia tundu la shingoni. Tumepata binti, mzima, ana mapafu ya kuuza.

Filamu uliyotuma tumeitazama jana. Inang'aa kweli. Sikuelewa kitu.

Katikati mtoto akalia. Nikamnyanyua, nikafungua mdomo nimbembeleze, ikatoka pumzi tu shingoni. Wifi yako akageukia ukutani.

Kaka yako