Ufunguo wa Gari la Kanisa

Jumatatu, 3 Machi

Mama,

Kabla hata sijakuamkia: Kidoti wako sasa hivi amevaa viatu vya baba yake mikononi, anatambaa akilia kama mbuzi. Nimecheka mpaka machozi. Shikamoo. Goti lako linaendeleaje?

Mama, nimechanganyikiwa. Baba Kidoti anakunywa. Jana aliendesha gari la kanisa amelewa, kwaya nzima ndani, akagonga geti. Mchungaji akasema breki zina shetani. Fundi, muumini mwenzetu, akakagua, akakuta ni nzima kabisa. Basi wakaziombea breki! Nikamwambia mama mchungaji, "Mnyang'anyeni ufunguo." Akanitazama kama nimemtukana: "Binti, kwetu hakuna anayekunywa."

Sasa asiyekunywa atanyang'anywaje ufunguo? Niambie nifanye nini.

Binti yako

Alhamisi, 6 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti linauma ila natembea. Mbusu mbuzi wangu.

Usimwaibishe mumeo mbele ya watu, watakusema wewe. Ficha ufunguo, useme umepotea. Ila mtoto asipande gari hilo, nasema asipande! Naona nakuambia nyamaza, papo hapo nakuambia usinyamaze. Hata mimi sijui, mwanangu.

Mama yako

Jumapili, 9 Machi

Mama,

Shikamoo. Naandika nimesimama jikoni.

Ufunguo niliufukia kwenye debe la unga. Kwaya wote wakaja kunisaidia kutafuta, wakainua mpaka godoro, wakapiga magoti wakaomba upatikane. Mama mchungaji akatoa wa akiba kwenye pochi yake, wakashangilia muujiza. Sasa gari linaunguruma mlangoni. Baba Kidoti ananuka pombe mpaka huku, nao wanamwambia, "Pole na uchovu, ndugu."

Nimesema mtoto ana homa, hapandi. Wamesema watamwombea njiani.

Baba Kidoti alipopokea ule ufunguo alinitazama, Mama. Hakuwa na hasira. Nadhani alitaka mtu amkatalie. Bado ni mtu mzuri, utaona, atarudi kuwa yule yule.

Watanisema, wacha waniseme. Natoka na mtoto mgongoni, nasimama mbele ya gari, nawaambia wote kwa mdomo wangu kwamba mume wangu ame

naitwa, ni Baba Kidoti mwenyewe anaita, ngoja ni